UZI: Umevunjika mfupa halafu unauziwa "seli shina" za pakiti? Pita hapa kwanza

Mnyoosha Viungo (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Kazi yangu ni mazoezi tiba. Wagonjwa wangu wengi ni wa bodaboda: dereva, abiria, na yule aliyekuwa anavuka barabara zake. Mwezi uliopita aliingia kijana, muundi umevunjika, chuma kiko ndani, anatembelea magongo. Tunajiandaa kukunja goti, akachomoa kipakiti mfukoni, akamimina unga chini ya ulimi, akafumba macho kama anayeomba dua. Nikamuuliza nini hicho. "Seli shina, dokta. Zinaenda kuunga mfupa." (Mimi si daktari, ila nimechoka kusahihisha.) Boksi moja lilikuwa limekula hesabu ya pikipiki ya wiki tatu. Nikaligeuza: zimetokana na tufaha na zabibu.

Sikumcheka, maana nusu ya alichoambiwa ni kweli tupu. Mfupa uliovunjika huungwa na seli shina, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi na zinaweza kugeuka kuwa za aina nyingine. Uongo uko kwenye nusu ya pili, kwamba zinatoka kwenye boksi.

Za kwako ziko wapi? Nenda buchani. Omba mfupa wa paja la mbuzi, mbichi, kabla haujapigwa shoka. Pitisha ncha ya kisu juu yake utaona utando mweupe, mwembamba, unateleza, ila mgumu kuchana. Huo ndio utando wa mfupa, na tabaka lake la ndani, lile linalogusana na mfupa wenyewe, ndilo makao makuu ya seli shina zinazounga. Nyingine zimetulia kwenye uboho katikati, na nyingine zimepaka kuta za ndani za mfupa. Miaka yote uko mzima zinakaa tu, zinagawanyika kidogo kidogo kwa ajili ya ukarabati mdogomdogo. Siku ukianguka ndipo zinaamka.

Utando huo kwa mtoto ni mnene na una seli nyingi. Ndiyo maana mtoto akivunjika mkono, wiki tatu nne anapanda tena mwembe uleule, wakati babu yake kwa mfupa huohuo anasubiri miezi.

Sasa fuata kinachotokea. Mfupa ukikatika mishipa ya damu inakatika nao, damu inajaa pale na kuganda. Watu wanaliona lile bonge kama uchafu wa kutolewa. Hapana, bonge lile ndilo king'ora. Waliojaribu kwa panya kuliondoa mapema waliona mfupa unachelewa kuunga. Ndani yake chembe sahani za damu zinamwaga protini za kuita watu kazini, seli za kinga zinakuja kusafisha, na uvimbe na joto unavyovisikia siku za mwanzo ndivyo hivyo. Seli shina zinapata taarifa, zinaongezeka, zinasogea.

Zikifika zinaangalia mazingira. Hapa ndipo mimi huwa nachoka kwa mshangao, na kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja. Penye utulivu na damu ya kutosha, seli shina inageuka moja kwa moja kuwa seli ya kujenga mfupa. Katikati ya ufa, ambako mishipa imekatika, hewa ni haba na vipande vinatikisika, seli ileile inageuka kuwa ya gegedu (ile laini inayonyumbuka, kama ya sikioni), maana gegedu inavumilia njaa na mtikisiko. Gegedu inaziba ufa kama saruji laini, vipande vinatulia, mishipa mipya inapenya, na polepole gegedu inabadilishwa kuwa mfupa. Kwenye picha ya eksirei ya wiki ya sita hivi utaona kama wingu limezunguka palipovunjika. Wingu hilo ni mfupa mchanga, umejengwa harakaharaka, umevimba kuliko unavyotakiwa. Baadaye seli za kula mfupa na za kujenga zinaufanyia marekebisho kwa miezi, hata miaka, wakati wewe umeshasahau.

Ngozi ikichanika inabaki na kovu. Mfupa hauachi kovu, unarudi kuwa mfupa.

Naendelea hapo chini, naona mmeshaanza kuchangia.

---

Mzee wa Kahawa

Mkuu nimekusoma, ila hizo seli ziligunduliwaje kama zimejificha hivyo? Maana kila mtu siku hizi anasema "utafiti umethibitisha".

---

Mnyoosha Viungo

Mzee shikamoo. Swali zuri, na ni kisa cha mtu mmoja mvumilivu. Miaka ya 1960 na 1970, Moscow, mtafiti anaitwa Alexander Friedenstein alikuwa anachukua uboho wa wanyama na kuutandaza kwenye chombo cha maabara. Seli za damu zilikuwa zinaelea, akawa anazimwaga. Chache sana ziling'ang'ania sakafu ya chombo, na kila moja ikazaa kijiji chake. Akizipandikiza kwenye mnyama, mahali ambapo hapajawahi kuwa na mfupa, zinajenga mfupa. Zoezi hilohilo la "mwaga zinazoelea, tunza zilizoganda" maabara zinalitumia hadi leo.

Uchache wake uuelewe: kwenye seli za uboho, ya aina hii moja unaipata kati ya kama elfu kumi mpaka laki moja.

Jina la kitaalamu lililoenea, "mesenchymal stem cells", lilitolewa mwaka 1991 na Arnold Caplan, wa chuo kikuu cha Case Western Reserve kule Cleveland, Marekani. Kichekesho ni kwamba mwaka 2017 Caplan huyohuyo aliandika kuomba jina alilolitoa mwenyewe libadilishwe. Hoja yake: seli hizi zikichomwa mwilini kazi yake kubwa ni kutoa dawa na ishara, zinaita mishipa ya damu na kutuliza uvimbe, kuliko kugeuka zenyewe kuwa kiungo kipya. Na biashara ilikuwa imeshalidaka neno "shina" ikaligeuza hirizi.

---

Dada wa Mbagala

Mimi naomba kuuliza wakuu. Mdogo wangu kapigwa chuma kinapita ndani ya mfupa mrefu wa mguu, katikati kabisa. Sasa kama hizo seli ziko kwenye uboho si wamezitoboa zote? Nimeshtuka.

---

Mnyoosha Viungo

Usishtuke, dada. Kutoboa kunaharibu kweli uboho na mishipa ya ndani, kwa muda. Ila mwili unahamishia damu nje, kwenye ule utando wa buchani, na utando ndio wenye kazi kubwa. Halafu kuna hili: ule unga wa mfupa unaotoka wakati daktari anatoboa si takataka, una seli hai za kujenga mfupa. Sehemu yake inasukumwa penye ufa wakati chuma kinapita, na kama umetoka nje daktari anaweza kuurudisha kwa makusudi.

Kama alitibiwa Muhimbili pale MOI, au kwenye hospitali zetu nyingi, kuna uwezekano mkubwa amewekewa msumari wa SIGN. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, Richland, jimbo la Washington, kwa ajili ya nchi kama zetu. Msumari wake unafungwa skrubu kwa kipimio cha nje, bila ile mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji, na mfupa unatobolewa kwa mkono, polepole, hauungui kwa joto la mashine.

Swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani. Wengi wanaowekewa chuma wanaamini chuma ndicho kinachounga. Chuma kinashikilia tu. Kikishikilia muda mrefu na mfupa ukagoma, chuma chenyewe hukatika, nimeviona.

---

Mjukuu wa Fundi

Sasa hapo ndipo mnaponikera wasomi. Babu yangu alikuwa anaunga mifupa kijijini, vijiti na majani na kamba, watu wanatembea. Hakusoma seli wala nini. Mnataka kusema alikuwa anabahatisha?

---

Mnyoosha Viungo

Hapana ndugu yangu, sijasema hivyo. Babu yako alikuwa anafanya kazi ileile ya hogo (plasta ngumu ya hospitali): ananyoosha, anashikilia, anaacha seli za mgonjwa zifanye kazi. Kwa mfupa uliovunjika bila kuchomoza nje na vipande havijahama sana, hiyo inatosha, na tusimnyime sifa yake.

Tatizo langu na vijiti ni kamba. Mguu unavimba siku mbili tatu za mwanzo, kamba haivimbi. Damu ikizuiwa vidole vinakuwa baridi, ganzi, vinageuka rangi, na hapo seli shina zinakufa pamoja na misuli. Mguu unaokatwa baada ya hapo haukatwi kwa sababu ya kuvunjika. Na hili si la fundi wa jadi peke yake, hogo la hospitali likikaza linafanya hivyohivyo. Maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya kufungwa, rudi usiku huohuo, usingoje tarehe ya kliniki.

---

Jirani wa Nairobi

Sasawa, lakini hapa kwetu kuna clinic zinadunga stem cell kwa goti, kwa mgongo, kwa kila kitu. Hiyo pia ni uongo? Ama kuna mahali inafanya kazi kwa ukweli?

---

Mnyoosha Viungo

Kuna mahali inafanya kazi kweli, na ndiyo sehemu ninayoipenda kwenye uzi huu. Kaa vizuri.

Asilimia kubwa ya mifupa inaunga yenyewe ikishikiliwa. Ila kuna inayogoma. Muundi unaongoza, hasa theluthi ya chini karibu na kifundo, maana pale mfupa uko chini ya ngozi tu, hakuna misuli ya kuuletea damu. Papasa muundi wako sasa hivi utaona. Marekani wanahesabu mfupa umegoma ukifika miezi 9 na miezi 3 ya mwisho hakuna dalili ya kusonga mbele.

Dawa ya kale ya mgomo ni kuchota vipande vya mfupa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, pale unaposhika kiuno ukiwa umekasirika, na kuvipanga kwenye ufa. Inafanya kazi vizuri kwa sababu unahamisha vitu vitatu kwa mkupuo: seli hai, protini za kuziamsha, na jukwaa la kusimamia. Bei yake ni kidonda cha pili, na wagonjwa wengi huniambia nyonga iliuma kuliko mguu.

Sasa huko Ufaransa daktari Philippe Hernigou akajiuliza: kama kinachotakiwa ni seli, kwa nini nipasue? Yeye na wenzake walichukua watu 60 wenye muundi uliogoma, bila vijidudu, wakanyonya uboho wa nyonga kwa sindano, wakauzungusha kwenye mashine ili seli zikusanyike, kisha wakachoma mililita 20 tu kwenye ufa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Watu 53 waliunga. Utamu wa habari uko kwa wale 7 walioshindwa: walipohesabu seli shina walizochomwa, zao zilikuwa chache kuliko za wenzao.

Soma tena sentensi hiyo. Uboho ulikuwa wa mgonjwa mwenyewe, umechomwa kwa njia moja, na bado idadi ya seli ikaamua nani atatembea. Kwa hiyo Jirani, mtu akitaka kukudunga, muulize: seli za nani? Zimetoka wapi mwilini? Ngapi, na amezihesabuje? Anazipeleka kwenye ufa upi unaoonekana kwenye picha gani? Goti lililosagika si mfupa uliogoma, usikubali ushahidi wa huku upelekwe kule. Akianza kukuonyesha video za watu wanaocheza muziki, nyanyuka ondoka.

Unga wa zabibu sasa. Mzabibu hauna mfupa, seli yake haijawahi kuujua. Seli ikikaushwa ikawa unga imekufa, na hata ingekuwa hai, tumbo lako lingeisaga kama linavyosaga ugali. Hakuna barabara kutoka chini ya ulimi mpaka kwenye muundi inayopitisha seli ya tunda.

---

Konda Mstaafu

Mkuu mimi nimevunjika mkono, nikawekewa bamba na skrubu sita. Picha ya juzi daktari anasema naendelea vizuri ila mimi hilo "wingu" lako silioni. Nimelala vibaya tangu nisome uzi wako aisee.

---

Mnyoosha Viungo

Pole kiongozi, kosa langu, nilitakiwa kusema mapema. Bamba likibana vipande vikagusana kabisa bila kutikisika hata kidogo, seli haziandai gegedu wala wingu. Zinachimba vijia vyembamba kutoka kipande kimoja hadi kingine na kujaza mfupa moja kwa moja. Inakwenda taratibu na kwenye picha haina mbwembwe. Mwenye hogo au chuma cha katikati ndiye wa wingu, kwa sababu kwake mtikisiko mdogo upo. Kwa mwenye bamba la kubana namna hiyo, daktari akiona wingu kubwa anaweza hata kujiuliza kama bamba limelegea. Lala.

---

Mama Ntilie Mstaarabu

Na supu ya kongoro je? Nisije nikakosa wateja hapa 😄

---

Mnyoosha Viungo

Uza supu yako mama, nami naipenda na pilipili ya kukamua. Haipeleki seli pale, ila protini yake ni malighafi, mgonjwa asiyekula vizuri anachelewa kuunga. Dagaa na maharage vinafanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo.

Maadui wa seli ni wa kawaida. Sigara namba moja, inabana mishipa ya damu palepale panapoihitaji. Sukari isiyodhibitiwa. Vijidudu kwenye kidonda. Na vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na indomethasini ambavyo mtu anajinunulia duka la dawa na kumeza miezi: indomethasini hiyohiyo madaktari wanaitumia baada ya upasuaji wa nyonga kuzuia mfupa usiote mahali usipotakiwa. Sasa fikiria umeimeza wewe unayetaka uote. Siku chache kwa maelekezo ya daktari ni jambo lingine, msije mkaacha dawa mlizoandikiwa kwa kunisoma mimi.

Halafu kukanyaga. Daktari akikuruhusu kuanza kuweka uzito, weka. Seli za mfupa zinasikia uzito. Wengi wangu wanaogopa, mguu unaning'inia miezi minne kama wa kuazima.

---

Mzee wa Kahawa

Umenikumbusha yule mruka juu wa Urusi aliyevunjika.

---

Mnyoosha Viungo

Valeriy Brumel, mzee wangu! Dhahabu ya Olimpiki Tokyo 1964, mwaka uliofuata akavunjika mguu vibaya akiwa amepakiwa kwenye pikipiki. Ndiyo, abiria wa pikipiki, kama wa kwetu. Akapasuliwa tena na tena kwa miaka, mfupa ukagoma. Akaishia Kurgan, Siberia, kwa daktari Gavriil Ilizarov, mwenye zile pete za chuma zinazozunguka mguu kwa nje na nyaya zinazopenya. Akaunga, na akaja kuruka tena zaidi ya mita 2.

Pete za Ilizarov zina somo lake kwenye uzi huu. Aligundua kwamba ukikata mfupa kwa uangalifu bila kuharibu utando wake, ukasubiri siku kadhaa, kisha ukavuta vipande milimita 1 kwa siku, tena kwa kugawa, robo robo mara nne, mfupa mpya unazaliwa katikati. Ukivuta haraka seli haziwahi, unapata nyuzinyuzi tu. Ukivuta polepole mno, mfupa unajifunga kabla hujamaliza. Hakuongeza kitu chochote pale, seli zilikuwepo, yeye alizipa mwendo.

---

Mjukuu wa Fundi

Sawa mkuu, nimekuelewa. Na yule kijana wa pakiti aliishia wapi?

---

Mnyoosha Viungo

Alikuja Alhamisi. Picha mpya ni nzuri: wingu pande tatu kati ya nne, goti linakunja vizuri, ameachana na gongo moja, na sigara ameacha baada ya mimi na mkewe kumsema kwa pamoja. Maboksi aliyanunua mawili, la pili hajalifungua, akampelekea aliyemuuzia ili arudishiwe hela. Hela hakupewa. Ameombwa picha ya eksirei, jamaa aiweke status: "Ushuhuda, ndani ya miezi mitatu."